Magugu Yaweza Kuwa Mbolea, Lakini Uliza Kwanza Yameota Wapi

Ndugu mkulima, adui wa kwanza uliyefundishwa kumpiga vita katika shamba lako la skimu ni gugu. Bwana Shamba alikuambia upalilie mapema, upalilie mara mbili, wala usiache mbegu za magugu zikaanguka. Maneno hayo ni ya kweli na hayajabadilika. Lakini mbolea ya dukani ina bei kubwa, na wakulima wengi wanauliza kama magugu wanayoyang'oa na kuyatupa kando ya ua hayawezi kuwafaa kwa lolote.

Jawabu ni kwamba yanafaa, na mengine yanafaa sana. Hapa tutaeleza ni magugu gani, kwa kazi gani, na kwa kiasi gani. Tutaeleza pia jambo moja linalosahauliwa mara nyingi. Gugu halina kiwanda cha mbolea ndani yake. Hukusanya tu kile kilichomo katika udongo na maji ya pale lilipoota. Likiwa limeota mahali pema, litakuletea chakula cha mimea. Likiwa limeota mahali pabaya, laweza kukuletea sumu, nayo sumu hiyo huioni kwa macho wala huisikii kwa pua.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, tuutazame kwanza mtaa wa Dandora, ulioko mashariki ya jiji la Nairobi.

DANDORA NAYO ILIANZA KAMA SKIMU

Wewe uliyepata shamba katika skimu, kama vile zile za Eka Milioni zilizoanza mwaka 1962, utaielewa Dandora upesi. Katika miaka ya 1970 Halmashauri ya Jiji la Nairobi, ikisaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja kama 6,000 huko Dandora. Mtu alipewa kiwanja chenye maji ya bomba na choo, kisha akajijengea vyumba mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Kama ninyi, watu wa Dandora walianza na kipande cha ardhi na mikono yao.

Tena kama ninyi, wengi wao hawakuacha jembe. Kando ya Mto Nairobi utaona matuta ya sukuma wiki, nduma, migomba na majani ya kulishia ng'ombe. Wengine hupanda mboga ndani ya magunia uani. Tangu mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini, kwa hiyo kazi hii si ya kufichaficha tena. Udongo wa huko ni ule mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na udongo wa namna hiyo unahitaji sana mboji ili ulainike.

Magugu nayo hayakosekani. Kando ya mitaro, barabara na mto yameota kwa wingi, bure, bila mwenyewe. Kwa mtu asiye na ng'ombe wa samadi wala fedha za mbolea, hayo ni mali. Lakini Dandora ina jambo lingine. Katikati ya miaka ya 1970 ndipo jiji lilipoanza kumwaga takataka zake katika dampo la Dandora, na ingawa mwaka 2001 dampo hilo lilitangazwa kuwa limejaa, takataka ziliendelea kumwagwa. Jambo hilo tutalirudia baadaye, maana ndilo somo kubwa. Kwanza tulitazame gugu lililo bora kuliko yote kwa mbolea.

ALIZETI MWITU

Wengi wenu mnalijua gugu hili. Ni kichaka kirefu kupita mtu, chenye maua ya njano yanayofanana na alizeti ndogo, na majani machungu. Huota kwenye nyua, kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa. Asili yake ni Mexico na nchi jirani zake. Wenyeji wa Afrika Mashariki walilipokea kama ua zuri la kupambia boma, nalo likatoroka likaenea lenyewe. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikaa miaka mingi kabla hatujajua namna atakavyotuponya.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa ICRAF, KARI na KEFRI waliokuwa Maseno, magharibi ya Kenya, walilipima gugu hili kwa makini. Waliona kwamba katika kila kilo 100 za majani yake yaliyokauka mna nitrojeni karibu kilo 3.5, potasi karibu kilo 4, na fosforasi kidogo kupungua kilo 0.4. Kwa majani ya kichaka kinachoota ovyo hizo ni namba nzuri sana. Tena majani hayo huoza upesi. Ukiyafukia katika udongo wenye unyevu, katika muda wa wiki mbili tu sehemu kubwa huwa imekwisha kuoza na kuwa chakula cha mimea.

HESABU YAKE

Lakini kabla hujakimbilia panga, tufanye hesabu, maana mkulima hudanganywa na asiyepima.

Majani mabichi yana maji mengi. Katika kilo 100 za majani mabichi, kilo 80 hivi ni maji matupu, na kilo 20 tu ndizo zenye mbolea. Kwa hiyo kilo 100 mbichi zitakupa nitrojeni kilo 0.7 hivi. Mfuko mmoja wa CAN wa kilo 50, wenye nitrojeni 26 kwa mia, una kilo 13 za nitrojeni. Basi ili upate nitrojeni ya mfuko huo mmoja, yatakikana ukate na kubeba karibu kilo 1,850 za majani mabichi. Hiyo si kazi ndogo.

Katika majaribio ya magharibi ya Kenya, kiasi kilichotumiwa mara nyingi kilikuwa tani 5 za majani makavu kwa hekta moja. Ukigeuza hesabu hiyo, ni karibu tani 10 za majani mabichi kwa eka. Kwa mahindi, hasa kama shamba liko mbali na ua, mshahara wa wakataji na wabebaji utakula faida yote. Lakini kwa mboga mambo ni tofauti. Tuta la sukuma wiki lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 1 linahitaji kilo 25 tu za majani mabichi. Hizo mtu mmoja aweza kuzikata asubuhi moja na kuzipeleka kwa toroli. Ndiyo maana wataalamu walishauri gugu hili litumiwe kwanza kwa mboga za kuuza, kama sukuma wiki na nyanya, kuliko kwa nafaka.

Kumbuka pia kwamba fosforasi yake ni kidogo. Kama udongo wako una njaa ya fosforasi, majani peke yake hayatatosha. Hapana budi uongeze samadi nzuri, au TSP, au mbolea ya mawe ya Minjingu itokayo Tanzania.

NAMNA YA KUITUMIA

Kata majani na vijiti laini vya kijani kabla kichaka hakijatoa mbegu. Vijiti vigumu viache, maana huoza polepole. Katakata kwa panga vipande vya urefu wa kidole. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 15 katika tuta, tandaza majani, fukia, kisha mwagilia kama udongo ni mkavu. Ngojea wiki moja au mbili ndipo upandikize miche, maana majani yanapooza hutoa joto linaloweza kuunguza mizizi michanga.

Njia ya pili ni mbolea ya maji. Jaza majani yaliyokatwakatwa nusu ya pipa, ongeza maji, funika, na koroga kila baada ya siku tatu. Baada ya wiki mbili au tatu maji yatakuwa meusi yenye harufu kali. Chuja, changanya kopo moja la maji hayo na makopo mawili ya maji safi, kisha mwagia kwenye shina la mmea. Usimwagie majani ya mboga utakayoila.

Usilipande gugu hili mahali lisipokuwapo, maana hutoroka. Lililopo latosha. Wala usikate ua uleule kila mwezi bila kuurudishia kitu. Alizeti mwitu haitengenezi nitrojeni kama ifanyavyo mimea ya jamii ya maharagwe. Kila unapokata unahamisha mali ya udongo wa pale kuipeleka kwingine, na ua nao mwishowe utachoka.

MAGUGU MENGINE: LUNDO LA MBOJI

Magugu ya kawaida ya shambani, kama kishona nguo na mchicha mwitu, yafaa yaende kwenye lundo la mboji. Lundo liwe na upana wa mita 1.5 na kimo hichohicho. Chini weka vijiti ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la majani makavu au mabua ya mahindi, kisha magugu mabichi, kisha samadi kidogo na udongo wa juu kidogo, halafu urudie tena hivyo hivyo. Nyunyizia maji kila tabaka. Chomeka kijiti kirefu katikati, cha kupimia joto. Baada ya siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, lundo lafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na chenye uvundo, maji yamezidi, basi ligeuze. Geuza baada ya wiki tatu, ukiyatia ndani yale yaliyokuwa nje. Katika miezi mitatu hivi, mboji itakuwa tayari.

Joto la lundo ndilo linaloua mbegu za magugu, lakini latakiwa lifike digrii 55 au zaidi, na pembeni mwa lundo halifiki hapo. Kwa hiyo usitie humo gugu lililokwisha kutoa mbegu. Sangari na ndago, ambazo huota tena kwa mizizi, zianike juani juu ya mabati mpaka zikauke kabisa ndipo uzitie. Kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi, usilitie kamwe. Mbegu zake ni kama vumbi na huweza kukaa hai udongoni zaidi ya miaka kumi. Ling'oe kabla ya maua na ulichome.

JIHADHARI NA YENYE SUMU

Lantana ni sumu kwa ng'ombe. Huharibu ini, na ngozi ya mnyama huchubuka juani. Usiikate kuwa chakula cha mifugo. Ina kazi nyingine: majani yake makavu yakitandazwa juu ya viazi vya mbegu ghalani husaidia kuzuia nondo wa viazi. Wakulima wa Kinangop na sehemu nyingine za viazi waweza kuyajaribu kwa viazi vya mbegu, si vya kula.

Gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe, limejulikana katika mashamba ya kahawa karibu na Nairobi tangu miaka ya 1970, na sasa limeenea kando ya barabara nyingi. Humfanya mtu apige chafya na kuwashwa ngozi, na ng'ombe akilila maziwa huwa machungu. Mmea mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Ling'oe likiwa changa, kabla ya maua, ukivaa glavu na kufunika pua, kisha litie katikati ya lundo penye moto. Likishatoa maua, usilibebe kulipeleka popote.

Mathenge nao ni fundisho. Uliletwa Baringo mapema katika miaka ya 1980 ili uzuie mmomonyoko na kuleta kuni na kivuli. Ukaenea mpaka ukasumbua malisho na mifereji, na mwaka 2006 wakazi wa huko walikwenda mahakamani kuishtaki Serikali, wakimleta mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza kuwa gugu baya chini ya sheria ya kukomesha magugu mabaya, Sura ya 325. Maganda hayo yakisagwa kuwa unga na kuchanganywa na chakula kingine, mbegu hufa na mifugo hunufaika. Yakiliwa mazima, mbegu hupita ndani ya tumbo zikiwa hai, na mnyama huwa mpandaji wa gugu.

SOMO LA DANDORA

Sasa turudi Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu dampo lile. Watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na hapo walipimwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule. Udongo wa pale nao ulikutwa na risasi, kadimiamu na zebaki.

Risasi ni madini mazito yaliyomo katika betri za magari na rangi za zamani. Huharibu ubongo wa mtoto, akawa mzito wa kujifunza, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Haiozi kama ganda la ndizi. Iliyoingia udongoni leo, wajukuu wataikuta.

Fikiri basi juu ya gugu linaloota kando ya dampo, au kando ya mto unaopokea maji yake. Mizizi hunywa kilichopo. Kadimiamu hupanda kwa urahisi mpaka majanini. Risasi nyingi hubaki mizizini, lakini vumbi lake hutua juu ya majani. Mtu akilikata gugu hilo na kulipeleka kwenye mboga zake, amebeba sumu kwa toroli lake mwenyewe.

Wengine husema, "Nitalifanya mboji, sumu itaoza." Haiozi. Lundo likioza hupungua mpaka nusu au chini ya hapo, lakini madini hayapungui hata kidogo. Kwa hiyo kila debe la mboji huwa na sumu nyingi kuliko debe la majani yaliyotiwa. Kuchoma si dawa pia, maana madini hubaki katika majivu, na moshi huwa mbaya.

Gugu maji ndilo lenye hatari kubwa katika jambo hili. Lilitoka Amerika ya Kusini, likaonekana katika Ziwa Victoria karibu na mwaka 1990, na Bwawa la Nairobi nalo lilifunikwa nalo. Tangu zamani limejulikana kuwa hodari wa kunyonya madini kutoka majini, hata nchi nyingine hulitumia kusafishia maji machafu. Likitoka kwenye maji safi, lafaa kwa mboji na kutandazia mimea, ingawa zaidi ya kilo 90 katika kila 100 ni maji, basi lianike kwanza. Likitoka kwenye maji ya viwanda au ya mtaro wa jiji, liache.

Usidhani jambo hili ni la watu wa jijini peke yao. Mto Nairobi hauishii Dandora. Huingia Mto Athi, ukapita mashamba mengi ya chini kabla ya kufika baharini. Kama skimu yako hunywesha kwa maji ya mto uliopita mjini, au shamba lako liko karibu na gereji, kiwanda, jalala au barabara kuu, Dandora ni jirani yako.

MAMBO YA KUFANYA

Magugu ya kutumia kwa mboga na chakula yakate ndani ya shamba lako, au mahali unapopajua historia yake. Ya kando ya jalala, mtaro wa maji machafu na barabara kubwa usiyalete kwenye chakula wala kuwapa mifugo. Kama ni lazima yakatwe, yatandaze palepale chini ya miti ya kivuli au ya mbao.

Mkulima wa Dandora asiye na hakika ya udongo wake apande ndani ya magunia, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi na maji ya bomba. Aioshe mboga vizuri, maana vumbi hutoka kwa kuoshwa, ingawa kilichoingia ndani ya jani hakitoki. Watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Mwenye shaka na apeleke udongo kupimwa. Maabara ya KALRO iko Kabete, na Bwana Shamba wa wadi yako atakuonyesha namna ya kuchukua sampuli. Mwambie wazi kwamba unataka kujua habari za risasi na kadimiamu, maana kipimo cha kawaida cha rutuba hakionyeshi mambo hayo.

Basi, ndugu mkulima, kabla hujakata gugu lolote kulifanya mbolea, jiulize maswali matatu. Limeota wapi, na limekunywa maji gani? Je, limekwisha kutoa mbegu? Je, lina sumu kwa mtu au mnyama? Ukiweza kuyajibu matatu hayo bila shaka, kata, fukia, na utaona tofauti kwenye sukuma wiki yako kabla msimu haujaisha. Usipoweza kulijibu lile la kwanza, liache gugu lilipo, kwa sababu chakula cha tuta lile kitaishia katika sahani ya mtoto wako.